Pikipiki za moshi aina ya Yamaha 100: zizuiwe kuingia sokoni Mtwara mjini?

Binti Shangani
Jamani, nauza samaki sokoni. Kila asubuhi kuna pikipiki mbili za zamani aina ya Yamaha 100 zinapigwa kiki mbele ya meza yangu. Wingu la buluu linatanda, mteja anaziba pua anahamia meza nyingine. Bodaboda za siku hizi zinapita mia na hazinifanyi hivyo. Mimi nasema hizi tustroki, zinazochoma oili pamoja na petroli, zizuiwe kuingia mjini. Zibaki huko huko kwa washamba.

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea
Washamba? Binti yangu, mshamba huyo ni mimi. Yangu niliinunua kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, enzi za kusubiri kivuko pale Rufiji, na masika yakikolea hupiti. Spea ilikuwa inakaa njiani wiki nzima. Pikipiki ile imebeba mitihani na imebeba wajawazito usiku. Usituite hivyo.

Kijana wa Ligula
Shikamoo Mwalimu. Heshima yako iko palepale, lakini dada kauliza habari ya moshi. Kule Dhaka, Bangladesh, bajaji za tustroki waliziondoa mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hewa ikawa afadhali. Sisi tunasubiri nini?

Fundi Mikindani
Dhaka zilikuwa maelfu kwa maelfu. Hapa tunabishania pikipiki mbili.
Mimi nazifungua hizi kila mwezi. Injini ni ndogo, ujazo wake cc 97, haina valvu za kurekebisha kama za bodaboda, na inasukuma kila mzunguko mmoja wakati fostroki ya bodaboda inasukuma kila mizunguko miwili. Ndiyo maana kidude kidogo kinapanda na mzigo. Ilitoka kiwandani na pampu yake ya oili. Pampu ikifa watu wanaing'oa, wanachanganya oili na petroli kwenye chupa kwa kukadiria kwa macho. Na kwa kuogopa pistoni isijamu, wanazidisha. Wengine wanatia oili ya gari, masizi yanaziba ekzosi, halafu lawama kwa Yamaha. Lita 1 ya petroli, mililita 40 mpaka 50 za oili ya tustroki, basi.

Binti Shangani
Fundi, hata ukipima kwa sindano, oili si inaungua humo humo ndani? Na petroli nyingine si inatoka mbichi kwenye ekzosi? Basi moshi upo tu.

Fundi Mikindani
Upo, sikatai. Ila si wingu.

Mkulima Tandahimba
Mnahangaika na pikipiki mbili! Mashine za kupulizia salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho nazo ni tustroki. Kuanzia Juni huku zinanguruma kila shamba tangu alfajiri, kijana kaibeba mgongoni, ekzosi iko karibu na sikio. Mbona huyo hamumwulizii pua yake?

Mama Newala
Umenigusa, kaka. Mwanangu anapulizia kwa vibarua. Salfa inataka umande na upepo uliotulia, kwa hiyo anatoka saa 10 usiku. Anarudi macho mekundu, anakohoa. Mwenye mashine anampa kitambaa cha kufunga mdomoni, hela ya maziwa hakuna.

Mkulima Tandahimba
Mama, usitutupie sisi wenye mashine. Tusipopulizia, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unamaliza maua yote na Oktoba hakuna cha kupeleka ghalani. Mimi nawalipa vijana wangu kwa kila mkorosho wanaopulizia, na barakoa nawanunulia.

Mama Newala
Wewe unawanunulia. Wa kwetu hanunui. Na huo mkorosho unaolipia ni shilingi ngapi? Sema hapa tusikie.

Kijana wa Ligula
Tumetoka sokoni tumeingia shambani. Swali lilikuwa Yamaha kuzuiwa mjini.

Mama Newala
Wewe mtoto wa mjini korosho unaikuta imekaangwa. Acha tuongee. Mkulima, nasubiri bei.

Mkulima Tandahimba
Inategemea ukubwa wa mti na nani ananunua petroli. Siwezi kutaja bei moja hapa kila mtu akaniwekea shingoni.

Mama Newala
Nilijua.

Binti Shangani
Mwalimu, neno lile la washamba nimelifuta moyoni, nisamehe. Baba yangu mwenyewe ni wa Kitangari. Moshi sijausamehe. Wanaokuja sokoni wazime injini kule nje wakokote mpaka mezani, hilo tu nataka sasa.

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea
Yameisha, mwanangu. Kukokota naweza, hata kwa umri huu. Fundi, ringi za pistoni za ovasaizi, zile kubwa kidogo kuliko za kiwandani, unazo? Yangu imeanza kukataa mlima.

Fundi Mikindani
Za saizi ya kwanza zipo. Njoo na silinda yenyewe nipime kwanza, usinunue kwa kubahatisha.