Tupeane uzoefu: siku programu ya barua pepe ilipokutoa jasho nyumbani

Mwana wa Chumbageni
Wadau, salaam. Nimetoka kwa baba mdogo sasa hivi na shati bado bichi. Kaniita tangu asubuhi: "Njoo uitazame, barua zangu hazishuki." Kompyuta yake ni ile ya mezani, umeme ukikatika nayo inakatika, na mnajua wiki hii umeme ulivyotuchezea. Nikakuta programu inalalamika cheti cha seva, yaani kitambulisho cha ile kompyuta ya mbali inayotunza barua, si halali. Nikabadilisha nywila mara tatu. Nikazima ruta, nikazima kingavirusi, nikawapigia watu wa intaneti nikawafokea bure. Saa tisa alasiri mzee, anakunywa zake kahawa, ananiambia, "Ila na saa ya hii kompyuta siku hizi haifuatani na dunia." Kutazama pale kona ya chini: 1 Januari 2009! Kibetri cha ndani kinachoshikilia saa umeme ukikatika kimekufa, kile cha CR2032, bapa kama sarafu. Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa kompyuta iliyoko 2009 hicho cheti hakijazaliwa. Nimerekebisha tarehe, barua 214 zikamwagika kwa mpigo. Hata chai nimeikataa kwa aibu. Leteni na ya kwenu, nisijione mjinga peke yangu.

Bi Mkeka
Hapo kwenye saa umenigusa. Mimi nilinunua kompyuta nyingine kabisa.

Upepo wa Raskazone
Yangu ni POP, ile njia ya programu kushusha barua kutoka kwenye seva. Kijana wa jirani aliniwekea programu kwa ukarimu wake, sikumlipa hata shilingi, kwa hiyo na lawama sina pa kuzipeleka. Kumbe POP ikichukua barua kule kwenye seva inaweza kuzifuta hukohuko, mpaka uiambie iache nakala. Hakuiambia. Siku nane natafuta kwenye simu barua ya mteja wangu wa mwani, simu nyeupe kama sahani iliyooshwa. Mume wangu akashikilia kwamba nimeibiwa akaunti. Tukaenda hadi polisi. Askari akatuuliza, "Mwizi mnamjua?" Mume wangu akajibu, "Yuko Ulaya." Barua muda wote zimelala sebuleni kwangu, chini ya kitambaa cha kufuma nilichoifunikia kompyuta.

Kaka Mjuzi
Dada, ungeweka IMAP. Barua zinabaki kwenye seva, simu na kompyuta vyote vinaona kitu kimoja.

Upepo wa Raskazone
Leo ndiyo najua, mdogo wangu. Siku ile ulikuwa wapi?

Mbongo Halisi
Mwenye mada, na baba mdogo imeili yake ni Gmail? Maana tangu 30 Mei 2022 Gmail ilianza kuzikataa programu za zamani zinazoingia kwa jina na nywila tu. Unawasha kwanza uthibitisho wa hatua mbili, halafu unatengeneza nywila maalumu ya programu, herufi 16, unaibandika pale. Watu wengi wanahangaika na nywila sahihi kabisa, kosa si lao.

Mtanga wa Jadi
Imeili ndio mdudu gani? Kuna barua pepe, neno zuri, limetulia. Nyie wa Dar tuliwafundisha Kiswahili bure.

Mbongo Halisi
Mzee, shikamoo. Mtu kakwama, wewe wasahihisha insha?

Mtanga wa Jadi
Marahaba. Nasahihisha, ndiyo. Waja leo waondoka leo, ila lugha muiache mlivyoikuta.

Kwetu Makorora
Nisameheni nikiandika mrefu, hii sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa (bado niko) mhasibu wa kampuni moja hapa mjini, siitaji. Siku hiyo bosi alinisema mbele ya madereva, kwa kosa ambalo si langu. Nikafika nyumbani saa moja usiku, sikuvua hata viatu, nikakaa kwenye kompyuta nikaandika barua ya kuacha kazi. Aya nne. Ya kwanza na ya pili za heshima. Ya tatu nilimweleza tabia zake moja moja. Ya nne nikamtaja marehemu mama yake. Sikumtukana, nilisema tu kwamba angekuwapo angeona haya. Nikabonyeza Tuma. Barua ikakaa Autiboksi, kwenye foleni ya zinazosubiri kutoka. Nabonyeza tena, imekaa. Nikazima, nikalala na hasira zangu.

Asubuhi bosi ananiita ofisini, kafunga mlango, ananiomba radhi. Kaniongezea na posho ya usafiri! Nikasema kumbe programu mbovu nayo ni rehema. Sikuigusa tena ile kompyuta, barua za kazi nikawa nasomea kwenye simu, na ile aya ya nne ikanitoka kichwani kabisa.

Wiki ya tatu kaja shemeji yangu kutoka Korogwe, kijana anajua vitu. Nimekwenda sokoni kununua samaki wa mchana, narudi namkuta anatabasamu. "Shemeji, ulikuwa umebonyeza kufanya kazi bila mtandao, kialama kidogo tu pale juu. Nimekitoa. Vyote vimekwenda."

Nikamwuliza, vyote vipi?

"Vilivyokuwa vimekwama. Vinne."

Kapu la samaki nililiacha mlangoni, nikauchomoa waya ukutani kwa mikono miwili. Ilikuwa imeshamaliza.

Bi Mkeka
Ya Rabi! Ikawaje?

Kaka Mjuzi
Programu ya Outlook ina sehemu ya kuirudisha barua, ungeirudisha.

Fundi Asiye na Duka
Usimdanganye mwenzio. Hiyo inafanya kazi mkiwa kwenye mfumo mmoja wa ofisi. Ikitoka nyumbani kwenda nje imekwenda, kama mate.

Upepo wa Raskazone
Jamani Makorora, umepotelea wapi? Samaki wangu anaungua jikoni nakusubiri wewe.

Fundi Asiye na Duka
Wakati tunamsubiri: wenye Outlook za zamani, za 2002 kurudi nyuma, lile faili la PST, ghala la barua zenu ndani ya kompyuta, mwisho wake ni GB 2. Likijaa barua haziingii, na faili lenyewe linaweza kuharibika. Kuna kiprogramu kinaitwa scanpst, huja na Outlook yenyewe, kinalitengeneza. Nakili faili kwanza!

Chuda Boi
Mbwembwe hizo. Ondoa programu, weka upya, kwisha.

Fundi Asiye na Duka
Ukiondoa programu ya barua kama Thunderbird, folda ya barua na mipangilio kwa kawaida inabaki palepale. Ukiiweka upya unakutana na ugonjwa uleule. Na ukijitia kufagia kila kitu, ukafuta na folda hiyo, utakuja hapa kulia.

Chuda Boi
Basi ifukizie ubani.

Kwetu Makorora
Nimerudi, nilikwenda kuswali. Bosi alijibu jioni ileile, neno moja: "Imepokelewa." Wikiendi nzima sikula. Jumatatu nikaenda kazini nimebeba na boksi la kutilia vitu vyangu. Akanisalimia kama kawaida, akaniuliza ripoti ya mafuta. Huu mwaka wa pili hajawahi kuitaja ile barua.

Ila posho ya usafiri haijaingia tena.

Mtanga wa Jadi
Huyo bosi ni muungwana. Na aya ya nne ungemwomba radhi.

Kwetu Makorora
Kwa barua pepe?

Mwana wa Chumbageni
Mmeuteka uzi wangu, haya. Mimi bado nina shida. Baba mdogo jana usiku kazima swichi ya ukutani kuokoa luku, asubuhi tumerudi 2009. Hicho kibetri mjini nakipata wapi?

Bi Mkeka
Nenda kwa fundi saa, Ngamiani. Usiende kwa fundi kompyuta, utatoka na bodi nzima.