Naomba ushauri: mtoto, baridi na mkanda wa kiti cha gari
Wazazi wenzangu, likizo ya majira ya baridi inakaribia na safari ni ndefu. Mtoto ana miaka miwili. Koti nene chini ya mkanda silitaki: gari likigonga, ule unene hubonyea na mkanda unabaki umelegea. Kwa hiyo atavaa fulana ya mikono mirefu, sweta jepesi na soksi. Mkanda nakaza mpaka vidole vishindwe kuukunja begani, kisha blanketi juu yake.

Tatizo ni miguu. Blanketi hulipiga teke likaanguka, na dereva hawezi kugeuka. Koti likivalishwa kinyumenyume juu ya mkanda uliokwisha kufungwa, linakaa? Mifuko ya joto ya kumwingiza mtoto, inayopita kati ya mgongo wake na kiti, msinishauri, kasoro ni ileile ya koti nene. Hita nitawasha mapema, gari likiwa nje ya gereji kwa sababu ya moshi.