Fomu ya meno (kikundi cha majirani, Usa River)

Mama Neema: Jamani habari za jioni. Neema kaja na fomu toka shule, Jumatatu wanakuja wa meno kutoka wilayani, mzazi asaini. Nyie mmesaini?

Baba Elia: Nzuri, mama Neema. Mimi nimesaini jana.

Mama Neema: Nasita. Nimemmulika na tochi ya simu, jego la nyuma kabisa chini lina tundu jeusi. Ana miaka 7. Si la utoto hilo, litang'oka lenyewe?

Baba Elia: Hapana mama! Hilo la nyuma kabisa ni la ukubwani. Linaota kwenye miaka 6 nyuma ya yale ya utoto, hakuna jino linalong'oka kwanza ili hilo lipite, ndiyo maana hatushtuki. Kwa Elia nilidhani hivyo hivyo, nikangoja mpaka mtoto halali, shavu limevimba. Tulipofika hospitali ikabaki kung'oa tu. Ana miaka 9 na pengo la maisha. Linaniuma mpaka leo.

Mama Neema: Poleni sana baba Elia. Sikujua kabisa.

Bibi Nai: Wanangu, huku kwetu meno ni ya kahawia toka zamani. Ni maji ya mlima.

Anti Rehema: Shikamoo bibi. Kweli ni maji, yale madini ya floridi yamezidi. Ila rangi na tundu ni vitu viwili. Rangi inaanzia jino likiwa bado linajijenga ndani ya taya. Tundu linatokana na sukari na meno yasiyopigwa mswaki. Na msiwasugue watoto kwa mkaa, rangi haitoki, mnalikwangua jino bure.

Bibi Nai: Marahaba. Basi tuchemshe maji?

Anti Rehema: Kuchemsha hakutoi floridi bibi, maji yakipungua sufuriani inazidi. Wadogo wapewe ya mvua, safi, yaliyochemshwa. Au ya chujio la mkaa wa mifupa, kama wanavyofanya pale Ngurdoto, kituo cha kutoa floridi kwenye maji. Na magadi kwenye makande tupunguze, nayo yana floridi.

Bibi Nai: Makande bila magadi yataiva lini?

Anti Rehema: Loweka mahindi na maharage usiku kucha bibi, yanalainika.

Mama Neema: Neema siku hizi akicheka anaweka kiganja mdomoni. Nilidhani ni adabu, kumbe wenzake wanamtania hayo madoa 😢

Anti Rehema: Maskini mtoto. Mwambie mwalimu wake. Madoa yanafunikwa akikua, tundu ndilo lisingoje.

Mama Neema: Hawatamng'oa hapo hapo darasani?

Anti Rehema: Jumatatu ni kupima tu. Anakaa kwenye kiti, uso dirishani, tochi na kijiti cha mbao. Mwenye tundu anapewa karatasi ya hospitali. Likiwa bado dogo linazibwa. Nenda naye mwenyewe.

Mama Neema: Nimesaini. Nimeibana ndani ya daftari la hisabati, hilo hasahau.

Baba Elia: Asante mama Neema. Jumatatu nitapita na pikipiki niwachukue wote wawili.