Selosia inachanua ikiwa fupi mno, wapambaji wanaikataa

BintiLikoni
Assalam aleikum wadau. Niko Likoni, nna kisehemu nyuma ya nyumba nimepanda maua ya selosia ya kuuza, zile za upanga wa jogoo na zile za manyoya. Shida yangu mmea ukifika kimo cha shibiri tu ushatoa ua. Rangi mashallah, nyekundu imekoza haswa, lakini nikiwapelekea wapambaji wa harusi wanasema kijiti kifupi, hakisimami kwa chombo cha maua. Mbegu ni za agroveti, miche ilikaa kwa trei mpaka nikapata nafasi ya kuihamisha, maji natumia ya kisima, yana chumvi kidogo. Ni hili joto letu ama ni mchanga? Na mnaouza maua mwapeleka wapi, maana soko la Kongowea naona watu wataka mboga tu.

ShambaMtwapa
Waaleikum salam dadangu. Joto usilisingizie, selosia ni ukoo mmoja na mchicha, jua la Pwani ndio raha yake. Kwanza tazama pakiti. Mbegu nyingi zinazouzwa ni za kupamba bustani, zimezalishwa ziwe fupi makusudi, hata uzipe mbolea gani hazipiti futi moja. Za kukata ni kama Chief kwa zile za upanga, Pampas Plume kwa za manyoya, na Flamingo Feather zile nyembamba kama suke la ngano, hizo zafika futi mbili tatu na zaidi.

Sasa la pili ndio kubwa na watu wengi hawaliangalii. Selosia hukimbilia kuchanua siku zikiwa fupi, na sisi hapa karibu na ikweta mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, hatuna zile siku ndefu za Ulaya wakati wa kiangazi ambazo zinaiacha irefuke kwanza. Kwa hivyo huku kwetu iko tayari kutoa ua wakati wowote, ukiibana mizizi kwa trei ama ukiiacha ikauke inaharakisha itoe mbegu kabla haijafa, ndio hiyo shibiri yako. Hamisha mapema, wiki ya nne hivi tangu kusia, kabla hujaona dalili yoyote ya ua, na kuanzia hapo isipate shida hata siku moja. Mchanga wetu haushiki maji, changanya samadi iliyooza vizuri, panda shibiri moja baina ya mche na mche zigombanie mwanga zipande juu. Za manyoya na za suke kata ncha ya kati zikiwa bado changa, zitatoa matawi marefu pembeni. Za upanga wa kukata usiziguse, acha shina moja.

KakaKisauni
Mimi kwa maoni yangu panda mchicha tu, wiki chache pesa mkononi, maua ya nini na maisha haya

MpambajiNyali
Kaka hapo tutofautiane, kwani kila wikendi tunatafuta maua. Waridi letu latoka bara, Naivasha huko, limepanda gari usiku kucha, likipata joto la Mombasa bi harusi hajaingia ukumbini kichwa kishainama. Selosia ya hapa hapa ikikatwa vizuri wiki nzima ipo. Dada, kata alfajiri ua likiwa limejaa, nyonyoa majani karibu yote kwa sababu majani hunyauka siku nyingi kabla ya ua na mteja akiona jani limelala anadhani ua lote bovu. Tia kwa ndoo safi papo hapo. Na usingoje sana, zikianza kuangusha zile mbegu nyeusi zinachafua vitambaa vya meza na nguo za watu, mimi hizo sichukui kabisa. Zikibaki zifunge mafungu uning'inize kichwa chini mahali pa giza penye upepo, zikikauka rangi yabaki na zauzika pia.

BintiLikoni
Shukran sana. Nimeitazama pakiti, kumbe imeandikwa sentimita 25! Na hii chumvi ya kisima je?

ShambaMtwapa
Chumvi kidogo inavumilia, lakini kila ikizidi kijiti kinazidi kuwa kifupi, kwa hivyo miche michanga ipe maji ya mvua ama ya mfereji, kisima kiwe cha mimea mikubwa. Mwagilia chini ya shina, ua la upanga likikaa na maji ndani ya mikunjo linaoza, mwezi wa tano na mvua ile utalia. Halafu ng'oa mmea mmoja utazame mizizi, ikiwa na vinundu vinundu ni minyoo ya mizizi, hamia sehemu nyingine na usipande palipokuwa na nyanya. @KakaKisauni na wewe usihofu, Naijeria majani ya selosia ni mboga yao.

MpambajiNyali
Soko jingine ni Wahindi, Diwali wanataka maua ya mashada ya rangi kali, na hapo urefu wa kijiti si hoja, wanachukua kichwa tu. Yaangukia Oktoba ama Novemba. Selosia yataka kama miezi mitatu tangu kusia mpaka kukata, kwa hivyo sia Julai, usimwage zote siku moja, gawanya kila wiki mbili ili usijazane na maua siku ambayo hakuna mnunuzi. Hizo fupi ulizonazo sasa usizing'oe, niletee ndoo moja Ijumaa asubuhi, nna shughuli Jumamosi nataka fupi za kuweka mezani.

BintiLikoni
Inshallah Ijumaa nakuja, nakutumia meseji sasa hivi.