Naombeni ushauri: dawa ya mizizi imezuia kifafa kinachoamshwa na kemikali ya PTZ kwa panya, kwenye shoti ya umeme imegoma

Mzizi_Mchungu
Wakuu, habari za saa hizi. Nasoma shahada ya pili ya famasia hapa Dar. Utafiti wangu ni wa mizizi ambayo mganga mmoja wa Kisarawe huwachemshia wagonjwa wa kifafa. Mti siutaji kwa sasa, mzee bado hajasaini makubaliano na chuo.

Nimetoa ekstrakti (dawa iliyokamuliwa kwenye mizizi) kwa ethanoli, yaani alkoholi, nikawanywesha panya weupe miligramu 200, 400 na 800 kwa kilo, saa moja kabla ya kuwadunga PTZ miligramu 85 kwa kilo chini ya ngozi. Waliopewa maji tu walianguka karibu wote. Wa 800 walichelewa sana, wengine hawakuanguka kabisa. Kwenye shoti ya umeme masikioni, patupu: miguu ya nyuma ilinyooka ikakakamaa sawasawa na wasiopewa dawa. Msimamizi anasema nitafute mti mwingine. Roho inaniuma. Niuache kweli?

Bibi_Maabara
Usiuache! Vipimo hivyo haviulizi swali moja. Kipimo cha umeme hugundua dawa za kifafa za jamii ya fenitoini, ambayo Merritt na Putnam waliibaini kwa kuwapima paka miaka ya 1930. PTZ yenyewe inazima GABA, breki ya ubongo, ndiyo maana diazepamu inang'ara hapo. Etosuksimidi hufaulu PTZ na kufeli umeme, na inawatibu watoto wanaoduwaa ghafla kwa sekunde chache. Levetirasetamu ilifeli vyote viwili, leo madaktari wanaiandika kila siku. Mpelekee msimamizi hoja hizo kwa adabu.

Vet_Moro
Mkuu, hao wa 800 walikuwaje kabla ya sindano? Kama walijikunyata kwenye kona ya boksi, macho nusu, hawanusi wala hawajisafishi manyoya, basi huenda umepima usingizi. Wapandishe kwenye fimbo inayozunguka. Wakiporomoka mapema, dozi hiyo inawalevya.

Halafu ekstrakti ya ethanoli mara nyingi haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kama uliweka Tween 80 (kiyeyushi cha kuichanganya na maji), kundi la kulinganisha nalo linyweshwe Tween 80. Anayehesabu mitukutiko asijue panya yupi kapewa nini. Na panya asiyeacha kutukutika usimwache ateseke hadi mwisho, fuata kibali chako cha maadili.

Mjukuu_wa_Mganga
Mbona mzee anachemsha kwa maji, wewe umeloweka kwa ethanoli? Hiyo si dawa yake tena. Watafiti wa Muhimbili waliwahoji waganga wa Temeke kuhusu dawa za kifafa wakachapisha mwaka 2005, pitia pale uone miti mingine ya kulinganisha. Ila kwanza pima kile wagonjwa wanachokunywa.

Mama_Wawili
Samahani kuingilia. Binti yangu yuko kwenye fenobabitoni na bado anaanguka. Hiyo mizizi naweza kuipata?

Bibi_Maabara
Pole sana dada yangu. Usimpe, na vidonge usivikatishe hata siku moja. Fenobabitoni ikiachwa ghafla, mtoto anaweza kupata kifafa mfululizo kisichokatika, na hicho kinaua. Hapa tunazungumzia panya, hakuna anayejua kipimo cha mtoto. Mrudishe kliniki, waambie bado anaanguka. Huenda dozi haijaendana na uzito wake wa sasa, au anahitaji dawa nyingine.

Mzizi_Mchungu
Asanteni sana, mmenipa nguvu. Naanza na fimbo ya kuzunguka, kisha ekstrakti ya maji. Tatizo, ya maji inachacha upesi na mashine yetu ya kukaushia kwa baridi ni mbovu. Nafanyaje?

Vet_Moro
Chuja siku hiyohiyo, mimina kwenye trei pana, kina kidogo tu, weka kwenye oveni yenye feni nyuzi 40. Ikikauka, kwangua, funga isipate unyevu, weka kwenye friji. Na upime umepata gramu ngapi kwa kila gramu 100 za mizizi, la sivyo hutaweza kulinganisha dozi yako na kikombe cha mzee.