Mzee anavuja damu anaulizwa uraia. Huko depo, chuo cha mafunzo ya polisi, askari wanafundishwa nini?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Wiki mbili zilizopita, kwenye mkutano wa mtaa hapa Kigoma mjini, afande mmoja alisimama akalalamika kwamba wananchi tumekosa heshima kwa polisi. Akikamata mtu anazomewa, akiomba ushahidi watu wanafunga milango. Nilimpigia makofi, maana hata mimi sipendi kuona askari anazomewa. Jumamosi nimeonyeshwa kwa macho yangu zomeazomea hiyo inakotoka.

Baba yangu mdogo ana miaka 67, ananunua dagaa Kibirizi. Alfajiri akielekea mwaloni, vibaka walimpiga nondo ya kichwa wakabeba simu, pochi na hela yote ya mzigo. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemwokota. Kituo cha afya walimfunga bandeji, wakasema kwa matibabu zaidi tulete PF3, ile fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe. Tukaenda kituo kimoja cha polisi, sikitaji.

Kaunta tulimkuta konstebo, kijana wa umri wa mjukuu wake. Shikamoo hakutoa. Benchi lipo, hakumwambia akae. Mzee akaanza kueleza, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiha. Kijana akamkatisha: "Wewe mzee wa wapi? Mrundi wewe? Lete kitambulisho kwanza." Nikamwambia kitambulisho kimeondoka na pochi, ndiyo kesi yenyewe tuliyoileta. Akasema basi tukachukue barua ya mwenyekiti wa mtaa. Saa kumi na mbili asubuhi! Damu imeshapenya bandeji inashuka kwenye kola ya shati.

Kitovu cha baba mdogo kimezikwa Ujiji. Hajawahi kuishi kwingine. Nilimtazama usoni pale kaunta, mtu aliyenilea, akainamisha kichwa kama mwizi.

Tukakaa dakika arobaini. Katikati tukaambiwa fomu zimeisha, tutoe elfu mbili ya kopi. Ndipo akatokea sajenti mmoja wa makamo, V tatu mkononi. Akasema, "Shikamoo baba, pole sana," akamshika mkono akamkalisha, akavuta fomu droo ile ile, akajaza, akagonga muhuri, akatupa na RB, namba ya kumbukumbu ya kesi. Dakika tano. Senti hakuomba. Mungu amweke.

Sasa tofauti ya watu hawa wawili ndiyo inayonikera. Wamevaa sare moja, wana kaunta moja na droo moja. Kwa hiyo nikipata huduma au nisipate inategemea nimekuta zamu ya nani, aliyelelewa vizuri kwao au asiyelelewa? Basi mafunzo yana kazi gani?

Kuruta anapelekwa CCP, chuo cha polisi Moshi, anakimbizwa mchakamchaka, anapigishwa kwata, anafundishwa kushika bunduki, na sheria za darasani pia zipo. Kwata siibezi. Lakini askari wa kaunta hapigi kwata kila siku. Kila siku anapokea mtu aliyepigwa, aliyeibiwa, aliyebakwa, na kazi yake ni kumsikiliza na kuandika maelezo yake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Maelezo yakiandikwa hovyo, siku ya mahakamani wakili anasimama na karatasi: mbona polisi ulisema hivi na leo unasema vile? Kesi inakufa, mwizi anarudi mtaani, mwananchi anasema polisi wamekula hela. Mara nyingine hata hawakula. Waliandika vibaya tu.

Na sheria za kumlinda raia mbona zipo? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, imeweka saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. PF3 hailipiwi, RB hailipiwi, dhamana ya polisi hailipiwi. Lakini Ijumaa ikifika, nani mtaani hajui kwamba ukikamatwa jioni unalala mpaka Jumatatu?

La uraia nalisema peke yake kwa sababu sisi wa Kigoma tumelimeza muda mrefu. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, Muha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Askari anayeletwa huku ilibidi aambiwe hilo kabla hajapanda treni. Najua tuko mpakani, najua kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na uhamiaji wana kazi yao waifanye. Lakini hata baba mdogo angekuwa Mrundi kweli, amepasuliwa kichwa. Mtu aliyepasuliwa kichwa anapewa PF3, basi. Ibara ya 13 ya Katiba inazungumzia utu wa mtu, haikuandika utu wa mwenye kitambulisho.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti iliyotaka jeshi hili lisukwe upya. Wakaguzi wa polisi wa kila kata tumeletewa, na wa kwetu ni mtu wa watu, anajua mpaka majina ya watoto wetu. Kwa hiyo inawezekana. Kwa nini basi kaunta imeachwa vile vile? Najua kota zao ni mbovu na mshahara ni mdogo. Shikamoo haihitaji bajeti.

Baba mdogo ameshonwa nyuzi tisa. Kesho tunarudi na RB yetu kumtafuta mpelelezi. Humu najua wapo waliopita Moshi. Niambieni bila kuzunguka: mlifundishwa saa ngapi namna ya kumpokea majeruhi na kuandika maelezo yake? Kuna aliyewahi kufelishwa depo kwa sababu hakuweza?