Tupeane uzoefu: pampu za joto na mafundi wa kupasha nyumba huku kwenye baridi

MamaWawili_Portland (Maine, Marekani)

Habari za majumbani, ndugu zangu. Boila yetu ya mafuta imegoma mara ya tatu tangu Novemba. Fundi aliyekuja juzi alifungua kile kimlango cha mbele, akaturudishia moto, halafu akatuambia bila kuficha kwamba chuma cha ndani kina ufa na hawezi kuahidi kama itamaliza msimu. Ina miaka 27. Tangi la galoni 275 liko besimenti, na kila tukilijaza ni kama tumelipa kodi ya nyumba mara mbili mwezi huo.

Huku Maine pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazochota joto kwenye hewa ya nje na kulileta ndani, zimeshika kweli kweli. Mwaka 2019 jimbo lilijiwekea lengo la kufunga 100,000 ifikapo 2025, na idadi hiyo ikafikiwa 2023. Mtaani kwetu theluji ikishaanguka unayaona yale maboksi ya feni yamekaa juu ya stendi zao, nyumba baada ya nyumba. Kwa hiyo siulizi kama zinafanya kazi. Nauliza mlichaguaje, na mlikutana na makontrakta wa aina gani, kwa sababu nina kotesheni mbili mkononi na zote mbili zinanikosesha usingizi.

Wa kwanza alikuja, hata koti hakuvua. Alisimama jikoni, akauliza nyumba ina futi ngapi za mraba, akahesabu vyumba kwa kidole, akasema: mashine moja kubwa nje ya BTU 48,000 (kipimo cha nguvu ya kupasha), vichwa vitano ndani, yaani maboksi ya ukutani yanayopuliza joto, dola 23,000, na bei hiyo mwisho Ijumaa. Darini hakupanda. Besimenti hakushuka. Hakuuliza tunachoma mafuta kiasi gani kwa mwaka. Wa pili sikumwona kwa macho. Alitaka picha za nyumba kwa simu, na nusu ya hela kabla ya kuja.

Mume wangu anasema tusaini na wa kwanza, watoto wasije wakalala kwenye baridi. Namwelewa. Lakini moyo wangu haujatulia. Semeni yaliyowakuta, mazuri na mabaya, na bei kama hamna shida kuzitaja.

PapaUvira (Lewiston, Maine)

Jambo mama. Sisi ni majirani basi, mimi niko Lewiston, na hiyo habari ya nusu ya hela mbele inanigusa mahali panapouma.

Tulimpa kontrakta dola 6,000 mwezi wa tisa. Akasema wiki tatu. Ikawa mwezi wa kumi, wa kumi na moja, simu anapokea mara moja katika mara tano. Walipokuja walikuwa vijana wawili, yeye mwenyewe hayupo, wakaweka mashine ya nje kwenye kibao cha simenti pale pale chini, ukutani, chini ya ukingo wa paa. Mimi sikujua. Januari theluji ilipoteleza kutoka kwenye bati ikaifunika mpaka nusu ya feni. Maji yanayotoka kwenye mashine wakati inajiyeyusha nayo yakaganda chini yake, barafu ikapanda kidogo kidogo mpaka ikagusa mapanga ya feni. Usiku nikasikia tra-tra-tra-tra, kama mtu anakwangua sufuria. Nilitoka na koleo na birika la maji ya vuguvugu saa nane za usiku, kwenye digrii 20 chini ya sifuri, mke wangu ananimulika na tochi dirishani.

Yule kontrakta alisema kosa ni letu, tungekuwa tunazoa theluji. Mwaka uliofuata nilimlipa mtu mwingine dola 900 kuinyanyua na kuifunga kwenye stendi ya chuma ya futi mbili, na kibanda kidogo juu yake. Haijasumbua tena, na nyumba ni joto. Mashine haikuwa na tatizo hata siku moja.

Jambo la pili, na hili naomba kila mtu alisikie. Alituambia serikali kuu ya Marekani "itawarudishia" dola 2,000. Ile haikuwa pesa ya kurudishiwa. Ilikuwa punguzo kwenye kodi ya mapato unayodaiwa, asilimia 30 ya gharama, mwisho 2,000. Mimi na watoto wanne na kazi ya kiwanda, kodi niliyokuwa nadaiwa mwaka ule ilikuwa ndogo sana, kwa hiyo nilichopata hakikufika hata 300. Nilikuwa nimeshaahidi pesa hiyo kwa ada ya mdogo wangu Bukavu. Sasa punguzo hilo limekwisha, halihusu mashine iliyofungwa baada ya Desemba 31, 2025, na kontrakta akikutajia leo ujue ama hajui ama anakudanganya. Ruzuku ya jimbo, ya Efficiency Maine (shirika la jimbo la kuokoa nishati), ndiyo tofauti: ile inapungua kwenye gharama yenyewe, na wenye kipato kidogo wanapata zaidi. Uliza hiyo kabla hujasaini chochote.

Msukuma_Leicester (Uingereza)

Shikamoo Papa Uvira, pole sana kwa usiku ule.

Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo maana tunapasha kwa maji na redieta. Nyumba yetu ni ya miaka ya 1930, ukuta mmoja tumeshikana na jirani. Ruzuku ni pauni 7,500 na mteja haombi mwenyewe, anaomba fundi, inakatwa moja kwa moja kwenye bei. Lazima fundi awe na cheti cha MCS, mpango wa kuthibitisha mafundi wa mitambo kama hii, vinginevyo huna ruzuku. Hilo peke yake linachuja wengi.

Fundi wa kwanza alisema nahitaji kilowati 14. Aliipataje? Aliangalia boila ya gesi iliyopo. Wa pili, mdada mmoja wa makamo, alikaa nyumbani kwangu kwa muda wa saa tatu. Alipima kila chumba kwa kifaa cha leza, akagonga kuta kujua zina nafasi katikati au hazina, akaangalia unene wa sufi ya kuzuia joto darini, akang'oa ubao mmoja wa sakafu chumba cha watoto kuona mabomba. Akanyamaza kidogo. Mabomba yetu yalikuwa ya milimita 10, membamba kama kalamu. Pampu ya joto inapeleka maji yasiyo moto sana, kwa hiyo inahitaji kuyapeleka mengi, na bomba lile lisingepitisha. Akaniambia wazi: mabomba ya chini yabadilishwe, redieta tano ziwe kubwa, na mashine ya kilowati 7 inatosha. Saba! Nusu ya ile ya kwanza.

Nilivumilia baridi ya wiki moja na nusu huku sakafu ziko wazi, vumbi kila mahali. Sijuti. Maji yanakwenda kwenye redieta yakiwa digrii 42, siku za baridi kali 45. Mama yangu alipokuja kutoka Mwanza aliweka kiganja juu ya redieta ya sebuleni akasema, "Mwanangu, mbona hii imezimika?" Nikamwonyesha themostati: digrii 21. Haiunguzi mkono, lakini inawaka mchana kutwa na nyumba nzima ina joto moja, hata chooni.

Kuhusu bili nitasema ukweli. Bei ya uniti ya umeme huku ni karibu mara nne ya uniti ya gesi. Mashine yangu kwa mwaka mzima inatoa uniti 3.7 za joto kwa kila uniti moja ya umeme, kwa hiyo nimeokoa kidogo tu, siyo maajabu. Angeniwekea ile ya 14 kwenye mabomba yale yale, ningelia.

Kariakoo_AC (Dar es Salaam)

Samahani kuingilia. Mimi nafunga AC hapa Dar. Hiyo pampu ya joto si ndiyo AC yenyewe?

FundiMvita (Edmonton, Kanada)

Ndiyo hiyo hiyo, kaka. Mimi nimeanzia Mombasa na friji za maduka ya samaki, sasa ni mwaka wa kumi na moja nafunga hizi huku Alberta. Tofauti kubwa ni valvu moja inayogeuza njia ya gesi ya kupoozea iliyo ndani ya mashine. Wewe unatoa joto ndani unalimwaga nje. Sisi tunalichota nje tunalimwaga ndani. Hata kwenye digrii 15 chini ya sifuri hewa bado ina joto, ila gesi iwe na baridi kuliko hewa hiyo ndipo ilinyonye. Kwa hiyo uniti moja ya umeme inakuletea uniti mbili, tatu, hata nne za joto. Kadiri nje kunavyozidi baridi ndivyo unavyopata pungufu, na mashine yenyewe nguvu zinapungua. Hapa Edmonton tukifika digrii 30 chini ya sifuri, wateja wangu wengi bado wana fanesi ya gesi (tanuru la kupasha hewa ya nyumba) pembeni, na simshauri mtu aing'oe.

Sasa nije kwa Mama Wawili. Dada yangu, usisaini Ijumaa.

Hiyo ya mashine moja na vichwa vitano naijua vizuri. Ni rahisi kwa kontrakta kuiuza. Shida yake ni kwamba mashine kubwa ya nje haiwezi kushuka chini sana. Usiku chumba kimoja tu kinaomba joto kidogo, BTU 2,000 labda, na mashine kiwango chake cha chini ni mara tano ya hapo. Inawaka, inazidisha, inazima, inawaka tena. Umeme unapotea na kompresa inachakaa. Nyumba nyingi zinakaa vizuri zaidi na mashine mbili au tatu ndogo, kila moja na kichwa chake, na ikiharibika moja hamlali wote kwenye baridi.

Halafu anza na kalamu kabla ya mashine. Tafuta risiti za mafuta za miaka miwili. Galoni moja ya mafuta ina takriban kilowati-saa 40 za joto. Boila ya umri huo tuseme inakupa asilimia 80, yaani 32. Mkichoma galoni 700, nyumba imetumia kama 22,400. Pampu nzuri kwa hali ya Maine ikikupa wastani wa 2.8, utanunua uniti 8,000 za umeme. Zidisha kwa bei ya umeme wenu, kisha zidisha 700 kwa bei ya galoni, uweke majibu mawili ubavuni kwa ubavu. Kama boila ndiyo inayochemsha na maji ya kuoga, ondoa galoni za kiangazi kwanza, maana hizo si za kupasha nyumba. Na uliza hayo maji ya kuoga yatachemshwa na nini boila ikishatolewa. Nimeona familia zilizosahau swali hilo mpaka siku ya kwanza ya kuoga maji baridi.

Kontrakta akija, muulize mambo matatu na umtazame usoni anapojibu. Je, atafanya hesabu ya upotevu wa joto chumba kwa chumba, na atakupa karatasi yake? Je, mabomba atayajaribu kwa naitrojeni, kuona kama yanavuja, kabla ya kufungua gesi? Na vakyum, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwenye mabomba, ataivuta mpaka wapi? Fundi wa kweli atasema mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani) au chini yake, bila kufikiri. Mdomo wa bomba la shaba unafunguliwa kama tarumbeta kabla ya kukazwa nati, na nati ile ina kipimo chake cha kukaza. Ukikaza kwa nguvu za mkono tu, shaba inapasuka kidogo usione, gesi inavuja polepole, mwaka wa pili unaambiwa mashine ni mbovu. Nimefungua kazi za watu wengine nikakuta hivyo mara nyingi mno, na inaniuma kwa sababu ni dakika tano za kazi.

Hela: kianzio cha asilimia kumi, au gharama ya vifaa vikishafika nyumbani kwako. Bakisha kiasi mpaka kibali kikaguliwe na mashine iwashwe mbele yako.

DadaBergen (Norwei)

Nina neno moja tu. Huku nyumba nyingi zinazo pampu hizi, na fundi lazima awe na cheti cha kushika gesi. Ya kwetu ilianza kupunguza joto mwaka wa pili, nikapiga simu nikiwa nimeshaudhika. Fundi akafungua kifuniko, akachomoa chujio: vumbi zito kama blanketi. Hakunitoza. Tangu hapo naosha machujio kila baada ya wiki tatu chini ya bomba la jikoni, natandaza taulo, nayarudisha yakishakauka.

Bi_Minneapolis

Mimi nilijifungia hofu peke yangu, wacha niseme ili asipate mtu mwingine. Wiki ya kwanza, saa kumi za alfajiri, nikaona wingu jeupe linapanda nje ya dirisha la chumba cha watoto, na feni imesimama. Nikadhani mashine inaungua. Nilishusha breka, nikawapeleka watoto watatu sebuleni na mablanketi. Kumbe ilikuwa mvuke tu. Mashine inajiyeyusha barafu yake dakika chache, feni inasimama, mvuke unapanda, kisha inaendelea. Kontrakta alikaa na sisi nusu saa akitufundisha rimoti na hakulitaja jambo hilo hata kidogo. Mwambieni awaonyeshe.

MamaWawili_Portland

Asanteni sana, nimesoma yote na mume wangu kasoma juu ya bega langu. FundiMvita, tulifanya ile hesabu mezani usiku. Galoni zetu zilikuwa 810, tukatoa 150 za maji ya kuoga. Yeye ndiye aliyesema Ijumaa ipite.

Leo asubuhi nimempigia wa tatu, mzee mmoja anayefanya kazi na binti yake. Kabla hata sijamwambia ukubwa wa nyumba aliuliza, "Una risiti za mafuta?" Anakuja Alhamisi saa mbili, na ameniomba nihamishe masanduku yaliyo chini ya mlango wa darini ili apite na ngazi. Nimeshayahamisha. Nitarudi hapa na karatasi yake.